Maini ya Kuongeza Damu

Tangu Miraji aondoke, Mwanabaraka hakukaa kitako. Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Alifungua friji, akaitumbulia macho, akaifunga. Alikwenda dirishani akachungulia barabara, akaona yale yale ya Edmonton ya kila siku, nyumba zilizobanana mstari mmoja na mapipa ya taka ambayo hakuna aliyejisumbua kuyarudisha ndani, akarudi jikoni. Juu ya moto sufuria ilikuwa ikitokota, supu ya sungura yenye pilipili manga, na pembeni maini yamekaangwa na kitunguu, tayari kupakuliwa. Na juu ghorofani bintiye Sundus, mzazi ambaye arubaini yake haijatimia, alikuwa kitandani na kichanga chake anasubiri kuletewa bakuli lake la mchana. Hilo bakuli ndilo lililomtia Mwanabaraka kiwewe.

Miraji ni nduguye mdogo, dereva wa basi, mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Siku zake za mapumziko huzimaliza kwenye shamba moja kaskazini, nje kidogo ya mji, ambako mzee mmoja wa Kizungu amempa ruhusa ya kutega sungura kwa nyavu, maana walikuwa wakimlia mazao mpaka akasalimu amri. Miraji huwakamata wazima, huwaelekeza kibla, huwachinja kwa mkono wake na bismillahi yake. Hilo ndilo lililompendeza Mwanabaraka. Nyama za dukani zina kibandiko cha halali, sawa, lakini kibandiko kabandika nani? Nani kamwona huyo mchinjaji? Wa hii nyama ya sungura anamjua tangu alipokuwa akimfuta makamasi.

Asubuhi ile Miraji alikuja bila nyama. Alikuja na maneno.

"Dada, yule msichana wa chuo kikuu, anayepima wanyama kule shamba, kasema tusile."

"Tusile nini?"

"Sungura. Ati wana sumu. Ati ardhi ile miaka na miaka ilikuwa ikimwagiliwa maji ya vyoo na ya viwanda, na hata leo inamwagiliwa maji yatokayo kwenye mtambo wa kusafishia maji machafu. Madini yamejaa udongoni. Nyasi zinayanyonya, sungura anakula nyasi."

"Sumu gani hiyo? Mimi nimekula, wewe umekula, tumekufa?"

"Si ndivyo nilivyomwambia! Nikamwambia, bibi wee, hebu nitazame, mimi ni mgonjwa? Kasema haiui leo. Inajikusanya kidogo kidogo. Na inapojikusanya hasa ni kwenye maini na figo."

Aliposikia maini, Mwanabaraka alishika ukingo wa sinki. Miraji hakuona, alikuwa keshatoa funguo za gari, amechelewa zamu yake. Akasema hizo ni mbwembwe za wasomi tu, wasiotaka masikini ale kitu cha bure. Lakini Mwanabaraka ni dada yake, anamjua. Miraji aliyetoka shamba bila kutega hata wavu mmoja ni Miraji aliyeogopa.

Sasa, ili ujue kwa nini mama wa watu alikuwa akizunguka jikoni kwake asubuhi nzima, lazima umjue mwenyewe. Kazi yake ya mshahara ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwalisha. Lakini heshima yake haiko huko. Akijifungua mwanamke wa Kipemba au wa Kiunguja upande huu wa London, simu ya kwanza hupigwa kwa mamaye na ya pili kwa Mwanabaraka. Yeye ndiye wa kukanda kwa maji ya moto, wa kufunga mkaja, wa kufukiza, wa kupika. Na kwa Mwanabaraka mzazi lazima ale maini. Mwanamke kamwaga damu, utamrudishia kwa nini, kwa biskuti?

Wazazi wote hao walimtii, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni wa tumboni mwake. Sundus kazaliwa London, mwalimu wa sekondari, anaishi Barking na mumewe Kamal. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza, na kwa sauti ile ile anayowasemeshea wanafunzi. Aliposhika mimba damu ilikuwa haba. Mkunga wa hospitali akampa vidonge vya madini ya chuma, kisha akamwonya kwamba mjamzito asile maini. Asile maini! Mwanabaraka aliposikia hivyo nusura aanguke na kiti chake. Dunia nzima mwenye damu haba hupewa maini, hawa wanamkataza!

"Hapana, Mama," alisema Sundus. "Mkunga kasema hapana, na mimi nasema hapana. Usiniletee."

"Mkunga ana watoto wangapi?"

"Mama. Nimesema hapana."

Walizozana mpaka wakakatiana simu. Wiki mbili hawakusemezana ila salamu za kupitia kwa Kamal. Na Mwanabaraka, ambaye mume alimwacha zamani akaenda kuoa Leicester, hana mwengine. Binti ni huyo huyo mmoja. Basi akafanya lake. Sundus ni mgonjwa wa sambusa tangu utotoni. Mama akayasaga maini ya sungura pamoja na nyama, akazidisha bizari, akazidisha ndimu na kitunguu mpaka ladha ya ini ikapotea kabisa, akakunja sambusa zake ndogo ndogo, akazipeleka Barking. Wiki ya pili akapeleka tena. Ikawa kila wiki, mpaka uchungu ulipomshika mwana.

Sundus alizila kwa furaha, akidhani mamake kaomba suluhu. Siku aliyorudi hospitali kupimwa akampigia simu kumwambia kwamba damu imepanda, vidonge vimefanya kazi. Vidonge! Mwanabaraka alikuwa ndani ya treni siku ile, akacheka peke yake mpaka Mzungu wa kiti cha mbele akahama.

Kisha ikaja siku yenyewe. Sundus alipasuliwa, akapoteza damu nyingi, na alipotoka hospitali na binti mdogo waliyemwita Nusra, hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Akaja Edmonton kwa arubaini yake. Akakubali mkaja, akakubali kukandwa, na mamake alipoleta maini kwenye kisahani akakubali hayo pia, maana sasa hana mimba na hapana aliyemkataza. Mwanabaraka akawa anamlisha kwa mkono, tonge kwa tonge. Ilikuwa raha ambayo hakuipata tangu mwana ana miaka minne. Alishukuru Mungu kila sala.

Ndiyo hiyo raha iliyokuwa ikitokota juu ya moto.

Mwishowe aliuzima moto, akainyanyua sufuria, akamwaga supu yote chooni. Maini akayatia mfukoni, mfuko ndani ya mfuko mwengine, akaenda kuutupa pipani kwa haraka ya mtu anayeficha kitu. Halafu akakaanga mayai, akapandisha juu.

Sundus alitazama sahani, akatazama mamake. "Leo hakuna maini?"

"Yamekwisha."

"Aa! Na nimeshayazoea," akasema, akacheka, akaanza kula mayai.

Mwanabaraka aliteremka ngazi hata hajui miguu inakwenda wapi. Alimwambia Kamal, aliyekuwa likizo akifua nguo za mtoto, kwamba anatoka mara moja. Akapanda basi, akapanda jengine, na njia nzima hakukaa. Viti vilikuwa vitupu, yeye kasimama kashika chuma.

Shamba lile alikuwa hajapata kulikanyaga. Alilijua kwa nyama yake tu. Alipofika alikuta nyasi za kijani kibichi, nzito, zinazomfika magotini, na mifereji ya maji yaliyotulia baina yake. Sungura walikuwa wakikimbia huku na huku, wamenona, manyoya yanang'aa. Ukitazama ungesema hapa pana baraka. Mbele kidogo msichana wa Kihindi aliyevaa mabuti ya mpira alikuwa amepiga magoti kwenye kizimba cha waya, anamtoa sungura mmoja.

Mwanabaraka alimsalimia kwa Kiingereza. Msichana akamsikia lafudhi, akatabasamu, akajibu, "Shikamoo, Mama." Jina lake Poonam, wa Wembley, bibi yake alikuwa mtu wa Mombasa na ndiye aliyemlea. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Majina ya sufuria na viungo aliyajua yote, lakini figo hakuzijua kwa jina, alijigusa kiunoni.

"Hawa wazima," alisema Mwanabaraka bila kuzunguka. "Mimi nimezaliwa shamba, namjua mnyama mgonjwa. Hebu watazame, wagonjwa hawa?"

"Kwa macho wazima, Mama. Sungura wa porini haishi sana. Anakufa kabla sumu haijamshinda. Lakini ukimpasua ukapima ini lake, na hizi," akajigusa tena kiunoni, "unakuta kadimiamu, unakuta risasi. Siyo risasi ya bunduki, ni madini. Yule mkubwa anayo mengi kuliko mdogo, kwa sababu kila siku anakula, na yakiingia hayatoki."

"Na mtu akila?"

"Mara moja moja, pengine si kitu. Akila kila siku..." Poonam alimwachia sungura akimbie. "Nani anakula kila siku, Mama?"

"Mzazi."

Uso wa msichana ulibadilika hapo hapo. Akasimama, akajifuta mikono. "Mzazi wa kujifungua? Ananyonyesha? Anakula tangu lini?"

"Tangu ajifungue."

"Na alipokuwa na mimba?"

"Hapana," alisema Mwanabaraka.

Wallahi neno lilimtoka lenyewe. Hakulipanga. Na Poonam akashusha pumzi ndefu, akasema afadhali, kwa sababu mimba ndiyo mbaya zaidi. Risasi ikimwingia mama inapita moja kwa moja mpaka kwa mtoto tumboni, na mtoto ndio kwanza ubongo wake unajengeka. Akamwambia ampeleke mzazi kwa daktari apimwe damu. "Na mwambie daktari amekula nini na tangu lini, Mama. Hilo la tangu lini ndilo kubwa. Ukimdanganya daktari hapo, atapima kitu kingine."

Mwanabaraka alisema ahsante. Alirudi barabarani akitembea upesi, akapita kituo cha basi bila kukiona, ikabidi arudi nyuma.

Jioni aliwaambia. Alisimama mlangoni mwa chumba cha juu, Sundus kitandani na Nusra kifuani, Kamal kakaa chini, akawaeleza yote ya shamba, ya maji machafu, ya madini. Yote, isipokuwa sambusa. Alikuwa kazitia sambusa ulimini, zikafika mpaka kwenye meno, akazimeza.

Kamal aliruka. "Mtoto je? Maziwa?"

"Tutapima," alisema Sundus. Alikuwa kabadilika rangi, lakini alimnyooshea mamake mkono, akamvuta akae ukingoni mwa kitanda. "Mama, usilie. Hukujua. Ungejuaje?" Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Nakumbuka ulivyoninunia niliposema sitaki maini. Unaona sasa? Bora sikula wakati ule."

Afadhali angempiga kofi. Mwanabaraka alikaa pale, mkono wake mkononi mwa mwanawe, akahisi moto umemwanzia masikioni unashuka. Alisema anakwenda kusali. Alisali kweli, lakini ukimwuliza alisali rakaa ngapi hajui.

Miadi ya daktari ilikuwa keshokutwa. Usiniulize alivyoishi baina ya hapo. Nusra akilala sana, bibi yake alikuwa akimwekea kidole puani aone kama anapumua. Akilia, anamfunua mdomo kutazama ulimi. Akitulia akakodolea macho taa, Mwanabaraka anajiuliza, mtoto huyu mbona anatazama hivi, ana akili timamu? Alimpigia makofi sikioni kuona kama atashtuka, mtoto akashtuka akalia, na Sundus akapiga kelele kutoka chooni, "Mama, unamfanya nini?" Alipika akasahau chumvi. Alipika tena akatia mara mbili.

Alimpigia Miraji simu, akiwa kajifungia bafuni na maji kayafungulia yamwagike. Miraji ndiye mtu pekee aliyejua habari za sambusa, maana ndiye aliyekuwa akileta maini.

"Nyamaza, dada," alisema Miraji. "Daktari atapima damu ya mama. Ikiwa nzuri, basi, mambo yamekwisha. Ikiwa mbaya watampima na mtoto, na watajua wenyewe. Wewe kusema kwako kutaongeza nini? Utampoteza mwanao bure."

"Na ikiwa ya mama nzuri, ya mtoto mbaya?"

Miraji alisema zamu inamwita, akakata simu. Miraji akikimbia maneno, yakhe, ujue jambo limemshinda.

Basi ikafika siku. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, na watu wanne na mtoto wakakijaza. Daktari mwenyewe, Gurpreet, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya pole, aliwasikiliza bila kukunja uso, hata waliposema sungura. Mwanabaraka alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba kaukumbatia.

"Maini umekula kwa muda gani?" aliuliza daktari.

"Wiki tatu na kitu. Tangu nijifungue tu," alijibu Sundus.

"Na wakati wa ujauzito?"

"Hata kidogo. Nilikatazwa, nikakataa kabisa. Mwulize mama yangu, tuligombana kwa sababu hiyo." Akageuka, akamtupia mamake tabasamu.

Daktari naye akatabasamu. Akasema kama ni hivyo hana wasiwasi mkubwa. Atachukua damu ya Sundus leo, na mtoto watamwacha kwa sasa. Hakuna haja ya kumchoma sindano kichanga kama huyu kwa chakula ambacho mama kaanza juzi juzi. Kamal alifumba macho, midomo ikasema alhamdulillahi. Sundus akaanza kumfunga mwanawe kitambaa chake vizuri.

Yote yalikuwa yamejipanga yenyewe. Mtoto asichomwe, mwana asikasirike, mama abaki mama. Kilichotakiwa kwa Mwanabaraka ni kukaa tu kitini na kunyamaza, kitu ambacho hata mtoto anaweza. Akamtazama Nusra, kile kichwa kidogo ambacho utosi wake bado unacheza, ubongo wake uko chini ya ngozi hiyo unajengeka. Akasimama. Mkoba ukaanguka.

"Alikula," alisema, kwa Kiingereza chake cha kazini. "Akiwa na mimba alikula. Mimi nilimtilia. Yeye hakujua."

Daktari aliweka kalamu chini. Sundus hakugeuka mara moja. Alipogeuka alisema Kiswahili, ambacho hakukisema tangu lini, labda kwa sababu hakutaka daktari amsikie.

"Ulinilisha vipi, Mama?"

"Sambusa."

"Zile za kila wiki?"

"Zile."

"Zote?"

Mwanabaraka alitikisa kichwa kukubali. Kamal alisema "Lahaula". Daktari, kwa upole wake ule ule, akamwuliza kuanzia mwezi gani wa mimba, mara ngapi kwa wiki, maini kiasi gani kwenye nyama. Alijibu yote. Hakupunguza, hakujitetea, hakusema kwetu ndivyo tunavyofanya. Daktari akasema amefanya vizuri kueleza, kwa sababu sasa mambo ni mengine, na damu ya mtoto lazima ichukuliwe leo hii.

Nesi akaja. Akasema mtu mmoja amshike mtoto. Mwanabaraka alinyoosha mikono hapo hapo bila kufikiri, kwani kila mtoto wa Kizanzibari upande huu wa mji akidungwa sindano anayemshika ni yeye. Sundus alimpita kwa ubavu, akampa Kamal.

Kilio cha Nusra alikisikia akiwa ukumbini, amesimama karibu na mashine ya maji. Kilikuwa kirefu kuliko alivyotarajia.

Sundus hakurudi Edmonton ila kuchukua vitu vyake. Arubaini haijatimia, mshono haujakauka vizuri, na hata hivyo alikuwa akikunja nguo za mtoto na kuzisukuma mkobani. Mwanabaraka alisimama mlangoni akamwambia mzazi hatoki nje mapema hivi, atashikwa na baridi ya mifupa. Ndiyo maneno aliyoyapata, masikini.

"Sumu hukuijua," alisema Sundus, kwa Kiingereza tena. "Kwa sumu sikukasirikii, na Mungu ananisikia. Lakini hapana yangu uliisikia. Nilikwambia hapana, Mama, na wewe ukaisaga na vitunguu ukanilisha."

Mwanabaraka aliwabebea kiti cha mtoto mpaka garini, Kamal akampokea, gari ikaondoka.

Siku zile zilizofuata alifanya kazi moja ambayo haikumpunguzia kitu. Aliwapigia wazazi wote aliowapikia maini ya sungura, mmoja mmoja, akawaambia nendeni mkapimwe. Wako waliomshukuru. Yuko aliyemtukana mpaka simu ikafa chaji. Kwenye harusi moja ya Wembley aliona wanawake wawili wakinyamaza alipokaribia meza yao, na mzazi wa mwezi ule, wa kwanza tangu aanze kazi hii, alimwita mtu mwengine. Miraji akauza nyavu. Haya yote Mwanabaraka aliyameza, kwani hayakuwa hayo yaliyokuwa yakimwamsha.

Kamal ndiye aliyepiga simu kuleta majibu. Damu ya Sundus ina risasi kidogo kupita kawaida. Ya Nusra nayo imezidi, si ya kupewa dawa, lakini si ya kupuuzwa. Daktari kasema anyonyeshwe vile vile, na watampima tena, na tena, mpaka waone inashuka. Wataangalia anavyokaa, anavyosema, anavyotembea. "Inaweza isiwe kitu kabisa, Mama," alisema Kamal. Mwanabaraka alimwuliza Sundus hajambo. Kamal akasema hajambo. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia na mtu akimbembeleza, na mtu huyo hakuja kwenye simu.

Zikapita siku. Mwanabaraka alikuwa akiwaogesha wazee wake, akirudi nyumbani, akikaa, akiinuka. Simu alikwenda nayo mpaka chooni. Ilipolia mara ya kwanza ilikuwa kampuni ya umeme, mara ya pili Miraji. Hata ilipolia ya Sundus alidhani macho yanamdanganya.

"Ijumaa nina miadi ya meno," alisema Sundus. Hakukuwa na salamu ndefu. "Kamal karudi kazini. Nahitaji mtu wa kukaa na Nusra."

"Nitakuja. Nitakuja asubuhi. Kapimwa tena?"

"Kapimwa. Imeshuka kidogo."

"Alhamdulillahi. Nije na nini, mwanangu? Nikupikie—"

"Mama."

Mwanabaraka akaikaza simu sikioni.

"Njoo mikono mitupu," alisema Sundus.

Nani aliyepata kusikia jambo hilo? Mwanamke wa Pemba kwenda nyumba ya mwanawe mikono mitupu! Hata kwenye msiba mtu huenda na sukari. Ijumaa ile, njiani kwenda stesheni, Mwanabaraka alipita sokoni Edmonton Green, akazikuta ndizi mbivu za rangi nzuri, zenye maganda yake, ambazo hakuna mtu anayeweza kutia kitu ndani yake. Akashika kichane kimoja. Mwuzaji akamwuliza anataka mfuko. Alisimama nacho mpaka watu wa nyuma yake wakaanza kuguna, kisha akakirudisha, akaenda zake.

Ndani ya treni mikono haikujua ikae wapi. Aliiweka mapajani, akaikunja, akaifungua, akaitia ndani ya buibui, akaitoa. Alibadilisha treni. Kutoka kituo cha Barking mpaka kwa mwanawe alikwenda mbio mbio, na alipobonyeza kengele alirudi nyuma hatua moja akaiacha mikono ining'inie wazi pande zote mbili.

Sundus alifungua mlango, Nusra kambeba begani. Alitazama mikono ya mamake kwanza, kisha akamtazama uso, ndipo akampa mtoto.